Sentimita Sabini na Tano

Sogeeni, wanangu, kaeni pale ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, na wewe kitinda mimba chukua kalamu, maana hapa ndani mwenye digrii ni wewe peke yako, na kama digrii hiyo imekosa kazi mji mzima, basi leo nimeipa kazi mimi. Mshahara sina. Andika ninavyosema, usininyooshee sentensi, wala usiandike kwamba baba alikuwa analia, kwa sababu ni hili jicho la kushoto tu linalovuja tangu juzi.

Mali kwanza, tuiondoe njiani. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na asiuze mtu hata tofali moja kabla hamjakaa meza moja mkakubaliana. Karakana ya nyuma ni ya kifungua mimba, ambaye ameitumia miaka sita akidhani sijui kwamba amebadilisha kufuli. Kabati la marehemu mama yenu na vyote vilivyomo ni vya huyu binti yangu wa kati, muuguzi wetu, aliyenibeba wiki zote hizi kama mtoto mchanga na kunigombeza kama mtoto mkubwa. Na fimbo yangu ya hatua, ile yenye miguu miwili kama bikari, inayoning'inia nyuma ya mlango na ambayo mlikatazwa kuigusa, naiacha kwa kitinda mimba. Usinikunjie uso. Najua juu ya nyumba wenzako wamepata kabati na karakana, na wewe umepata kipande cha mti. Andika.

Mnajua nilikuwa nani. Miaka thelathini na moja nilikuwa sajini mkuu wa gwaride katika chuo cha kijeshi, na kila ofisa aliyepita pale alipita mikononi mwangu akiwa bado hajui mkono upi uende na mguu upi. Ukiifungua fimbo hii mpaka kwenye alama ya shaba, ncha zake zinaachana sentimita sabini na tano, na hiyo ndiyo hatua. Mrefu anaipunguza, mfupi anairefusha, mgonjwa anapona kwanza. Nimeipigia kelele hatua hiyo mpaka ikahamia miguuni mwangu, nikawa natembea hivyo sokoni, msibani, hata chooni.

Sasa miaka miwili iliyopita wahitimu wa chuo walianza kuchangisha kwa ajili ya njia ya kumbukumbu, kutoka lango kuu hadi uwanja wa gwaride, mawe yaliyopangwa kwenye nyasi, kila jiwe na jina la mmoja wao aliyekufa akiwa kazini, limechongwa ubavuni lisikanyagwe. Mwenyekiti wa kamati ni yule kanali mstaafu tunayemwita Miwani. Kila kozi ilichangia mawe ya watu wake, na kwenye simu walichokozana kama watoto: kozi fulani imelala, kozi fulani ina majenerali watatu na haijatoa hata kokoto. Kitu kimoja kilinishangaza, na mpaka leo nakigeuzageuza kichwani: waliotoa mapema kuliko wote ni wale niliowaadhibu kuliko wote. Kuna mmoja nilimzungusha uwanja na gunia la mchanga mpaka akazimia, siku hizi anafuga kuku, akaleta malori mawili ya mchanga na kuniambia, "Afande, huu haubebwi mgongoni." Nilicheka, lakini sikumwelewa, na nilitamani kumuuliza nikaona aibu.

Wakaniomba mimi niyapange mawe. Nani mwingine? Nikaenda na fimbo yangu, nikaitembeza kutoka lango hadi uwanja, na fundi mawe akawa anatia kigingi kila ncha ilipogusa. Sabini na tano, sabini na tano, mawe themanini na manne, na hakuna hata moja lililopotoka kwa unene wa ukucha. Kamati nzima ilikagua. Kanali Miwani alipita juu yake mikono ikipiga kama gwarideni, akasema ni kazi safi. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja pale, wenye nishani na vitambi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu.

Mwezi uliopita, kabla sijaanguka, tukawaita wazazi wachache waione kabla ya ufunguzi. Akaja yule mama mshonaji mwenye kibanda nje ya lango, aliyetupunguzia suruali na kututia vyeo mabegani tangu enzi zile. Mwanawe alikuwa kadeti wangu, mfupi sana, wenzake wakimwita Nukta. Alizama mtoni mwaka mmoja baada ya kuhitimu, akiwavusha askari wake. Jiwe lake ni la ishirini na moja.

Yule mama akapanda jiwe la kwanza. Akatazama la pili kama mtu anayetazama ng'ambo. Akashusha mguu kwenye nyasi, na ilikuwa imenyesha, kiatu kikazama, akakichomoa, akapanda la pili, akasimama kupumua. Hivyo hivyo: jiwe, tope, jiwe, tope. Kwenye jiwe la sita akakaa. Kanali akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, nyoosha mguu kidogo tu." Akamjibu, "Mwanangu, mguu huu ulinyooka mwisho ulipomzaa huyo mnayenionyesha."

Nikaenda kumshika mkono. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliniambia polepole, kama anayenipa vipimo vya suruali: "Wewe ndiye uliyemfunga mwanangu kamba ya kipimo miguuni ili ajue kupiga hatua ndefu. Alijua. Likizo yake ya mwisho tulikwenda sokoni pamoja, akanitangulia njia nzima. Nilimwita anisubiri, akasimama, akacheka, akaanza tena, akaniacha tena. Hakuwa na kiburi, alikuwa amesahau kutembea kwetu. Basi nikamwona mgongo tu, siku ile yote, na ndiyo picha niliyo nayo."

Akarudi kibandani kwake bila kufika jiwe la ishirini na moja.

Wanangu, nilibaki pale peke yangu nikapiga magoti kwenye tope, mzee mzima, nikaifungua fimbo juu ya nyayo zake. Thelathini na nane, kasoro kidogo. Nusu ya hatua yangu. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupima hatua ya mtu bila kumwambia airekebishe.

Tangu siku hiyo ndipo mkaanza kuambizana kwamba baba amechanganyikiwa. Ndiyo, nilikuwa namwaga maji sebuleni makusudi. Nilitaka mpite mkilowa, nipime nyayo zenu. Kifungua mimba, hatua yako ni sitini na nane ukiingia na themanini ukitoka. Nyumba ya baba yako inakuchosha, na sikulaumu, lakini nenda polepole kwa wanao. Muuguzi, wewe ni hamsini na tano usiku na mchana, ukiwa na hasira au huna, na sijui unaweka wapi hasira zako, tafuta mtu umwambie. Kitinda mimba, hatua zako hazifanani. Ukirudi kwenye intavyuu unaburuza mguu wa kulia. Mara ya kwanza nilidhani ni kiatu.

Halafu nikataka kuandika hatua ya mama yenu, nikakuta sina. Miaka thelathini na minne nilitembea mbele yake. Nikawauliza, na huyu kitinda mimba mwenye ulimi wa wembe akaniambia, "Baba, mama alikuwa anatembea mbili, anakimbia moja. Ndiyo hatua yake. Sisi tulidhani ni mchezo." Sikulala. Nilikuwa namsikia akihema nyuma yangu, nikidhani ana pumu.

Nipeni maji. Kidogo.

Basi nikampigia Kanali Miwani, nikamwomba tuongeze jiwe dogo katikati ya kila mawili. Akakataa. Akasema hesabu imefungwa, ufunguzi ni Jumamosi, na hii ni njia ya askari. Akasema pia, na hapa sauti yake ikabadilika, "Afande, ulinitoa gwaride la kuhitimu kwa sentimita mbili. Mama yangu alikuwa amesafiri siku nzima kuja kuniona. Leo unataka nikate nusu?" Ni kweli nilimtoa, na ni kweli nilijivunia kwa miaka.

Sasa sikilizeni agizo, maana pumzi inaniishia. Langoni kuna jiwe moja la heshima ambalo wahitimu wamenichongea mimi, limelala kama meza, mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita ishirini. Jina langu bado halijaandikwa. Wamenipa kwa hati, na hati iko chini ya godoro hili, kwa hiyo ni mali yangu, na mali yangu naigawa nitakavyo. Nimeongea na fundi mawe. Litatoa vipande ishirini, sentimita thelathini kila upande, na kipande kimoja kinaingia kati ya mawe mawili bila kung'oa chochote. Vipande ishirini vinatosha kutoka langoni mpaka jiwe la ishirini na moja. Mbele ya hapo sina jiwe. Hao wengine nao wana mama zao, watajua la kufanya wakiona.

Kitinda mimba, ni wewe utakayekwenda. Chukua fimbo, chukua hati. Kanali atakuuliza wewe ni nani, mjibu kwa huo ulimi wako ambao hakuna ofisi iliyoutaka, lakini kwanza, kabla ya yote, mwambie hivi: Afande anaomba radhi kwa zile sentimita mbili, na kwa mama yako. Sema hivyo halafu nyamaza. Usiongeze chako. Najua utataka kuongeza.

Na siku ya kunizika, msiite bendi. Anayenitangulia awe... awe yule mama mshonaji, akikubali. Nyinyi nyote nyuma yake, na mimi mabegani mwenu, kwa hatua yake. Mtachelewa. Chelewe— cheleweni tu.

Mungu awape miguu ya kusubiriana. Awape watu wa kutembea nao ubavuni. Kifungua mimba, fungua ile kufuli... dada yako aweke vitu vyake. Sogea, kitinda mimba. Umeandika yote? Hilo la jicho, haya, liandike.

Nataka kujua kitu kimoja. Nendeni nyote mpaka mlangoni, mrudi. Polepole, sina haraka. Nisikie tu.

Huyo... huyo anayekimbia moja ni nani?

Mguu pande, wanangu. Mguu pande.