Jiko la Kupanda Nalo Mlimani

Treni ilipoondoka, kinyozi alikuwa amepakata jiko jipya la gesi la kupandia mlima, dogo kama kikombe. Mama aliyeketi mbele yake, mpagazi mstaafu wa mlimani, alilitazama akaguna.

"Mwanangu, kule juu baridi huizima gesi. Nunua la mafuta ya taa."

"Ni zito, mama. Nampeleka baba mlimani, ana miaka sabini. Mizigo yote naibeba mimi."

"Akikosa chai ya moto, utambeba na yeye."

Kinyozi alicheka, kisha akaona yule mama hacheki.

"Mtungi nitalala nao ndani ya blanketi, usipoe."

"Na mzee atalala na nani?"

Behewa zima likaangua kicheko. Treni ikasimama. Kinyozi akashuka, akarudi mbio dirishani.

"La mafuta lina kilo ngapi hasa?"