Soko la Rato, Nguba, Bukavu

Mheshimiwa Burugumesta, mkuu wa manispaa yetu, Padri Blanchard wa parokia yetu, Ndugu Télesphore, mwenyekiti wa kamati ya kuniaga, akina maman wa soko, ndugu wageni waalikwa, nanyi ambao hamkualikwa lakini mmekalia viti vya mbele:

Leo ni Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023. Nilitoka Japani miaka arobaini na moja iliyopita, nikiwa na mkataba wa miaka miwili wa kuchunguza mimea ya milima hii. Mimea ilinivumilia. Sasa mpwa wangu amenitumia tiketi ya kurudi, safari ni Jumanne, na kamati inaniaga kwa bidii inayoanza kunitia mashaka. Ndugu Télesphore amekuja kwangu mara mbili kunililia. Mara ya pili alikuja na mita ya kupimia, akapima madirisha ya nyumba yangu.

Mmeniomba neno juu ya soko letu. Katika mji nilikozaliwa, kila Novemba, siku ya jogoo ya kalenda ya zamani, watu huenda kwenye hekalu la mtaa kuombea biashara zao, na uwanjani wachuuzi huuza rato za mianzi, zile za kukusanyia majani. Ila hizi hazikusanyi majani. Hupambwa kwa vinyago, samaki na masuke ya mpunga, hutundikwa ukutani, zikakusanya bahati. Nilipoonyesha ya kwanza hapa Nguba, Padri Blanchard aliniuliza kwa upole kama ni fetishi ya kuabudiwa. Nilimjibu kwamba mungu wa hekalu lile alibaki hekaluni; mimi nilisafiri na rato tu. Akawaza, akanunua mbili, na soko letu likaanza.

Je, tumeiga sawasawa? Kule mnunuzi hubishana mpaka bei ishuke, kisha hulipa ile ya kwanza, na tofauti humwachia muuzaji kama zawadi. Maman Nsimire, anayeuza rato hapa tangu mwanzo, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

— Sasa, papa, tunapigaka makelele ya nini?

Nusu ya kwanza ya desturi hiyo imestawi hapa Bukavu kuliko popote duniani. Nusu ya pili bado tunaingoja. Kwenye mapambo tumeweka sambaza za bati, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na magunzi ya mahindi, na mwaka huu wa uchaguzi nimeona rato yenye picha za wagombea watatu wa kiti kimoja. Mwenye nayo atafika mbali.

Kwa nini basi mpwa wangu ananiita? Anasema soko la kule limefifia: vijana wamehama, rato huagizwa kwa simu, na hekalu linatafuta mzee anayekumbuka mambo yalivyokuwa. Ningeketishwa mahali pazuri, niulizwe maswali. Nilikubali kwa furaha. Nani hukataa kuitwa nyumbani?

Asubuhi hii nilikwenda kwa Maman Nsimire kununua rato ndogo ya safari. Alikataa kuniuzia.

— Papa, hii sharti si mwenyewe njo ulituletea? Kila mwaka kubwa kupita ya mwaka jana.

Nikamwambia kubwa haiingii ndani ya ndege.

— Basi ndege njo iko ndogo.

Nilimweleza habari za mpwa, za hekalu, za miaka yangu sabini na sita. Yeye alikuwa akikaza kamba za rato moja inayonipita kimo. Nilipoishiwa maneno akasema, bila kunitazama:

— Mwaka kesho, ya kupita hii tutauzishia nani?

Nikainunua hiyo hiyo kubwa. Jibu nililipata njiani, nikipanda mlima na rato hiyo begani, watu wakinipisha.

Mheshimiwa, Padri, wote mliosema vizuri juu yangu leo, ninawashukuru. Hifadhini hotuba zenu. Siku moja zitahitajika, na siku hiyo sitasimama kuzijibu. Chakula kiko tayari, tuleni. Asanteni kwa uvumilivu wa masikio yenu. Tiketi nitairudisha. Mimi Japani sirudi.