Pindo la Vidole Vitatu

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa baba seremala na mama mkunga. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka kumi na miwili baadaye, akajifunza kutembea kwa kushika suruali ya kaka yake.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Baba alikuwa amefariki, naye akaenda kujifunza ushonaji ili mdogo wake aje asome.

Mwaka 1990 alifungua kibanda chake, akashona sare za shule kwa miaka thelathini na minne. Kila nguo aliiachia pindo la vidole vitatu.

"Fundi, mbona kaptura nzito hivi?" wateja walilalamika.

"Mama, mtoto haombi ruhusa ya kurefuka. Mwakani fumua mwenyewe, usije kwangu."

Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajifukuzia wateja. Yeye alisema aliomba riziki ya leo tu. Kuhubiri hakujua, na kwenye kwaya sauti yake ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, hata mwalimu akamwomba kwa upole ashone majoho tu.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwanakwaya aliyekuja kupimwa joho. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 mama mzazi wa marehemu aliugua siku kumi na tisa, akafariki. Mdogo wake alikuwa kwenye mitihani ya mwisho ya chuo, na hakuambiwa lolote mpaka siku ya msiba. Mbele ya waombolezaji alimwambia kaka yake, "Wewe na Biblia yako mmeninyima kumuaga mama yangu."

"Nisamehe, mdogo wangu," marehemu alijibu.

Kwa miaka kumi na sita, kila Jumapili akitoka ibadani, alimpigia mdogo wake simu. Iliita mpaka ikakata. Msomaji wenu alikuwa akiitazama ikiita.

Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Julai, akiwa hawezi kukaa kwenye cherehani zaidi ya nusu saa, alianza kushona suti.

"Ya mdogo wako? Vipimo utavitoa wapi?" mkewe aliuliza.

"Vya zamani ninavyo. Kama amenenepa au amekonda, Mungu anajua. Nitaacha vidole vitatu kila upande."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, saa nne asubuhi. Mdogo wake alifika Jumatano. Amechelewa, na hilo halina dawa.

Siku hiyo shemeji yake alimweleza: "Mama ndiye aliyekataza. Alisema usitolewe kwenye mitihani. Kaka yako aliona heri umchukie yeye kuliko kumchukia mama aliye kaburini."

Kisha akaileta suti. Haikufunga kiunoni. Shemeji akafumua, akatoa kitambaa chote kilichoachwa, akashona upya huku machozi yakidondokea kwenye sindano.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, watoto wengi wa mtaa huu waliokua ndani ya mapindo yake, na mdogo wake, aliyesimama hapa akiwa ameivaa.

Kaka, imenitosha. Nisamehe. Pumzika kwa amani.