Kisiki Aliyelinda Mkulo wa Chemchemini

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma yote, hata yale ambayo mashemeji wameniomba niyaruke.

Mdogo wangu, ambaye wengi mlimwita Kisiki, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, chini ya mlima huu, mtoto wa nne wa baba mpasua mbao, akaja ametanguliza miguu, mkunga akasema huyu kaanza na teke.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1966, akaishia darasa la tano baada ya kumng'ata mwalimu wa hesabu, na baba hakuhangaika kumrudisha, alimkabidhi upande wa pili wa msumeno.

Alipasua mbao kwa miaka mingi, na nisiwafiche, kwa kuua miti hakuwa na mpinzani, mpaka tarehe 2 Mei 1984, mvua ilipouporomosha mteremko ambao yeye na wenzake walikuwa wameunyoa, ukaifunika nyumba mama akiwa jikoni, tukamfukua bado ameshika mwiko. Tangu siku hiyo hakugusa msumeno, akaajiriwa mlinzi wa msitu.

Tarehe 12 Januari 1986 alifunga ndoa na binti wa mchoma mkaa, na kabla maua ya harusi hayajanyauka alimkamata baba mkwe na magunia yake, bibi harusi akamtwanga mchi wa mgongo, wakapatana, wakajaliwa binti ambaye sasa naye ni mlinzi wa msitu, na kijana dereva.

Ulinzi wenyewe aliufanya kwa ngumi. Mwaka 1992 alimvunja mkono mpasuaji mmoja, yupo hapa, mtamjua kwa kusalimia kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2005 wapasuaji walimkata sikio kwa panga, akashuka nalo mfukoni hadi zahanati, mganga akamwambia, "Mzee, hili limeshakauka," naye akajibu, "Lishone hivyohivyo, mama watoto ataniuliza nimelitupa wapi."

Aliyoyapigania mnayanywa kila siku bila kuyauliza yanatoka wapi. Juu kule, ambako shoka halijawahi kuangusha mti, kuna ule mti wa mkulo wa chemchemini, watu saba wakishikana mikono hawaumalizi, matawi yamefuga ndevu za kijani, ukungu unadondoka humo kama mvua hata kiangazi, mbega wanaruka na mikia yao myeupe, na maji yanatoka kwenye mizizi yake baridi ya kuuma meno.

Tarehe 21 Juni mwaka huu aliwakuta wapasuaji hapo na msumeno wa mashine, wakamwambia, "Kisiki, leo unang'oka," wakampiga kwa mpini wa shoka, wakamvunja mbavu na goti, akatambaa akaukumbatia mti, wakampiga tena mgongoni, hakuachia, mpaka binti yake alipofika na walinzi wenzake, wao wakakimbia.

Hospitalini alitema damu na utani, akaniita akasema, "Dada, mimi nilikuwa mmoja wao, mpasuaji hakati mti wenye maiti mizizini, anaamini mashine itamgeukia. Mkinizika nyumbani, mti ule hauoni mwezi ujao." Alifariki alfajiri ya tarehe 30 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi chini, walinzi wenzake, na mkuu wa msitu aliyetupa kibali, kwa sababu shimo mnaloliona hapo uani tutalifukia tupu, kaburi lenyewe limechimbwa juu, chini ya mkulo.

Njia ni mbaya na jeneza ni zito, hivyo familia inaomba wapasuaji walibebe, msiangaliane, wanangu, njia ya kufika pale mnaijua kuliko sisi, na hao polisi walioko getini watapanda nanyi, kisha watashuka nanyi.

Mdogo wangu, umepigana vya kutosha. Lala. Haya, inueni.