Dawa Niliyompaka Mdogo Wangu

Sogeeni wanangu, na wewe Kidosho weka simu chini, maana sauti yangu leo haifiki mbali na sina nguvu ya kurudia. Nimechoka. Miaka thelathini na moja nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, miguu imevimba, mgongo umegoma, na sasa hata kikombe cha maji nashikiwa.

Saluni nawaachia nyinyi wawili, sawa kwa sawa, na viti vyake vyote na ile draya inayonguruma kama trekta. Msigombanie kioo kikubwa, kimepasuka pembeni, hakifai kuwakosanisha. Dada mkubwa, wewe una cheti cha nywele, basi kazi ianze nawe. Kidosho, una mkono mwepesi kutushinda sote, nakiri, lakini hiyo dawa ya kuchubua ngozi uliyoificha chini ya beseni ukidhani sijaiona, usimpake mtu. Umejifunza kwa video za simu. Usininunie, mama yako naye alijifunza kwa kuchungulia.

Nilikuwa nafagia nywele kwenye saluni ya mwanamke mmoja tuliyemwita Bibi Rola, nikimwangalia anavyopaka dawa ya kulainisha nywele, nikaona ni kazi rahisi, unapaka, unasubiri, unaosha. Maneno aliyomnong'oneza mteja kabla ya kupaka nilidhani ni umbea. Kumbe alikuwa anauliza: umefumua misuko lini, umejikuna kichwa? Nikafungua saluni yangu bila darasa na bila bima, nikisema bima ni ya kuwanenepesha watu wa ofisini.

Mama yenu mdogo, fundi cherehani, hatoi kitambaa kichwani hata akiwa jikoni kwake. Mmekua mkiambiwa ana mzio wa dawa za nywele, na mimi ndiye niliyewaambia. Saluni ilikuwa na wiki moja alipokuja amefumua nywele asubuhi ile ile, ngozi imekwaruzwa na kichana, na siku ya pili yake wakwe walikuwa wanakuja kumwona. Nikampaka. Akasema, dada, inaniunguza, nikamjibu vumilia kidogo, ndiyo inashika. Nilipoosha, nywele zilitoka na ngozi mkononi mwangu.

Wanangu, sikuogopea kichwa chake, niliogopea kiti changu. Bima sina, nikikubali kosa nitadaiwa matibabu, na saluni imekwisha kabla haijaanza. Nikamwambia ni mwili wako huo, una mzio. Akaniamini, kwa kuwa ni dada yake. Akajitibu kwa jasho la cherehani, posa ikavunjika, nywele za utosini hazikuota tena, na bado akaja kuniomba radhi kwa kuniharibia siku. Hilo ndilo linalonitesa hapa kitandani kuliko maradhi.

Baadaye nilikwenda darasani, mama mzima kati ya wasichana wa umri wenu, mwalimu akauliza kwa nini hatupaki dawa kichwa kilichofumuliwa siku hiyo hiyo, nikaandika jibu daftarini: ngozi ina michubuko, dawa itaiunguza. Mwaka huo nikakata bima. Mteja wa kwanza niliyemuunguza sikio baada ya hapo nilimwambia nimekosea, nikajaza fomu, akatibiwa, akarudi kusukwa. Lakini kwa mdogo wangu nilinyamaza, kila mwaka nikisema mwaka huu.

Basi shikeni haya. Kidosho, usiguse uso wa mtu mpaka umalize mafunzo na jina lako liingizwe kwenye bima, na ufunguo wa saluni atashika dada yako. Bima isikatike, hata mwezi mbaya. Mapato ya kiti changu cha dirishani mpelekeeni mama yenu mdogo, hata akikataa. Mungu awape mikono salama, awape na moyo wa kuomba radhi siku ile ile, msije mkazeeka na neno kooni kama mimi.

Nipeni maji... Inatosha. Sasa mwiteni, yuko ukumbini anakunja nguo zangu. Nyinyi msitoke, muwe mashahidi. Niinueni nikae, sitaki kumwambia nimelala.

Njoo, mdogo wangu. Karibu zaidi, pumzi inakata. Acha, usinifunike... nisikilize tu.

Huna mzio. Hujawahi kuwa nao.