Bi Raihana na Swali la Majani

Nyinyi mlioandika fomu mkiwa mmekaa ofisini, mkome kujisifu leo. Utafiti huu una miaka ishirini na mbili, na umetembea kwa miguu ya mtu mmoja. Naye anastaafu tarehe 30 Juni: Bi Raihana, muulizaji wa wajawazito wa Amu na visiwani kuhusu bangi. Mimi ni Bi Safaa, mpika chai wa ofisi tangu siku ya kwanza. Kuandika nimejifunza ukubwani, basi someni, msinisahihishe.

Fomu ya kwanza iliuliza: unatumia majani? Aliyeiandika aliona haya kutaja bangi. Matondoni waliulizwa wanawake arubaini, na wote arubaini wakajibu ndiyo, asubuhi na jioni. Mkaza mwanangu akaongeza kuwa hata mavyaa wake, mama wa mumewe, ana kopo zima. Mavyaa huyo ni mimi. Ripoti ikaandikwa, wakubwa wakaitana kikaoni, mimi nikapeleka birika. Bi Raihana ndiye aliyesimama akawaambia wamehesabu chai.

Tangu hapo akauliza kwa jina lake: bangi, ya kuvuta au ya kuchemsha. Maana wako walioambiwa inatuliza kichefuchefu, nao hawakujiona wavutaji.

Tena huuliza faragha. Mume nje, jirani nje, mavyaa nje, hata kama nyumba ni ya mavyaa. Mjukuu wangu Ummu aliposhika mimba, nilijikalisha chumbani nimsaidie kujibu. Bi Raihana akanitoa kwa mkono, akanipa vitunguu nimenye. Nikamenya vyote. Alichojibu Ummu sikijui. Miaka tisa nimemuuliza Bi Raihana, kwa halua na kwa kumnunia. Naye hunijibu kuwa fomu ina namba, haina jina. Ummu aliacha alichoacha, au hakuwa na cha kuacha. Mtoto yuko darasa la tatu, mbishi.

Kwa kinywa hicho kilichofungwa, wanawake walisema kweli, na watoto wao walipozaliwa wakapimwa uzito kwa haki. Sasa wanawake wa kisiwa cha Kiwayu wamesema Bi Raihana akiondoka, nao wafunga milango. Wakifunga, miaka yote hii ni chai tena.

Bi Raihana, ahsante. Mungu akupe uzima na miguu ipumzike. Lakini si leo. Kabla ya tarehe thelathini mpeleke Keziah, mrithi wako, Kiwayu, umjulishe nyumba kwa nyumba.

Nawe Keziah, viatu nje, simu nje, mavyaa nje. Ukinikuta mimi chumbani, nipe vitunguu.