Likizo ya Bi Sabiha

Kijiwe kiko kwenye kona, mbele ya kituo cha mafuta cha Duane, pale njia ya Mto Platte inapoiacha barabara kuu na kujipenyeza mjini kama mtu aliyechelewa kanisani. Benchi ni moja, refu, la mbao. Kahawa iko kwenye jagi, dirishani, na Duane ameshachoka kuuliza nani kanywa. Jioni za Machi huku Nebraska zina rangi ya chai ya maziwa; theluji imebaki vivulini tu, na mtu akikaa sana pale huanza kukumbuka safari ambazo hakuzifanya. Wenye benchi ni watatu. Floyd Ostrander, dereva wa malori mstaafu, huitwa Maili. Eldon Pruitt huitwa Hakimu, kwa kuwa hajawahi kukubali kesi imalizwe na mtu mwingine. Wa tatu ni Loretta Kubicek, mjane, waliyempa jina la Jamu kwa sababu ya maandazi yake ya jamu ya aprikoti. Siku hiyo Jamu ndiye aliyeliona gari kwanza.

Lilikuwa gari dogo jeupe la kukodi. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani, akatia mafuta, akalipa, kisha akaja moja kwa moja benchini akipigana na ramani iliyotaka kuruka na upepo.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni mgeni, natoka Uturuki. Nina wiki mbili za likizo na sijui pa kuanzia. Niende magharibi au mashariki?

Maili akasogeza kitako haraka. Swali kama hilo alikuwa akilingoja tangu astaafu.

— Keti, binti. Hapa umefika penyewe. Nani jina?

— Nurhan.

— Na yule bibi garini?

— Mama yangu, Bi Sabiha. Mwacheni apumzike kidogo, safari imemchosha.

Jamu akamtazama yule bibi. Alikuwa ameegemeza kichwa, kitambaa cha zambarau kimeteleza hadi mabegani, macho yamefumbwa. Jamu akammiminia Nurhan kahawa na kumpa andazi.

— Kwanza, akaanza Maili, mtu wa huku akikuuliza hujambo, usimweleze. Sema salama, pita zako. Sisi hatungojagi jibu.

— Mwongo, akasema Hakimu. Mimi hungoja.

— Wewe hungoja ili uanze kueleza goti lako. Pili, binti, bei ya kwenye rafu siyo bei. Ukifika kwa mwenye duka utaikuta imeota mkia.

— Hiyo kodi.

— Mkia ni mkia. Tatu, hotelini agizeni sahani moja, mle wawili. Mkiagiza mbili mtalala palepale mezani.

— Na usishtuke na milango ya vyoo, akaongeza Hakimu. Haifiki chini. Wageni wote hushtuka.

— Kwa nini haifiki? akauliza Nurhan.

Wazee wakatazamana.

— Hewa, akasema Hakimu. Tena wahenga walishasema: mficha uchi hazai.

Nurhan alicheka mpaka kahawa ikamwagikia ramani. Jamu akaona kwamba mwanamke huyu hakuwa amecheka siku nyingi. Kicheko kilitoka kwa kukwaruza, kama bomba lililokaa bila maji.

— Sasa sikiliza, akasema Maili, na sauti yake ikashuka. Nenda magharibi. Ukishaingia Wyoming, asubuhi utauona mlima mbele yako, mweupe. Utaendesha. Mchana, mlima uko palepale. Jioni, palepale. Mimi niliwahi kuegesha lori nikalala nikiukodolea macho. Kuamka, umesogea nyuma.

— Mlima umerudi nyuma?

— Kidogo tu. Una haya.

— Achana na milima yenye haya! akasema Hakimu. Binti, nenda bonde kuu la Arizona. Ni refu kwenda chini hata saa za kule siyo za huku. Ukiita asubuhi, mwangwi unakujibu jioni, tena umeshabadilisha maneno. Shemeji yangu alisimama ukingoni akamwita mkewe, "Martha!" Bonde likajibu, "Martha hayupo."

— Alikuwa hayupo?

— Alikuwa ameshamkimbia. Sisi wote hatujui, bonde linajua. Lisemwalo lipo.

— Hilo bonde halikusema, limejibu, akanung'unika Maili.

— Kujibu siyo kusema? Haya, Jamu, mwambie na wewe.

Jamu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kila majira ya kuchipua, yeye na marehemu Clement walipanga safari moja ileile, na kila majira ya kuchipua ng'ombe wakazaa, hawakuondoka.

— Mimi ningekwenda kwenye miti, akasema. Ile ya kaskazini mwa Kalifonia. Mirefu hata ukungu ukiingia hupotea humo, hautoki tena. Unasimama chini, unatazama juu, mpaka shingo inasahau kwao. Mimi nadhani nyota zikichoka hutua kule juu. Asubuhi ukipanda utazikuta zimejikunja kama paka.

Hakuna aliyemcheka. Upepo ukapita. Maili akauliza polepole, kama mtu aliye katikati ya usingizi:

— Na zinakoroma?

— Kidogo.

— Basi mambo yamekwisha, akasema Hakimu. Utaona mlima, utaona bonde, utaona miti. Utaona mpaka macho yaombe likizo yao.

Nurhan aliikunja ramani, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo kama leso.

— Naomba niulize moja tu, akasema. Mama haoni. Sukari ilimla jicho la kwanza, mwaka jana likazimika la pili. Alitaka kuja Amerika tangu mimi niko shule, na tangu nianze kazi namwambia mwakani, mama, mwakani. Sasa ndiyo nimemleta. Tangu tushuke kwenye ndege namwambia kulia kuna hiki, kushoto kuna kile, na yeye ananiitikia tu, kama anayembembeleza mtoto. Mtu asiyeona, nimpeleke wapi?

Maili alifungua kinywa. Alipekua barabara zote alizopita, na kila alipofika alikuta ameiona tu, kwa kioo cha mbele cha lori. Hakimu alitafuta methali, akazikosa zote, hata zile mbovu. Jamu naye aliirudia miti yake moja moja akakuta haina la kumpa yule bibi. Ili mikono ipate kazi akalishika jagi na kuliinamisha. Yakatoka matone na machicha.

Ndipo mlango wa gari ukafunguka. Bi Sabiha alishuka peke yake, akashika paa la gari kwa mkono mmoja, akainua uso juu. Akasema neno kwa Kituruki, akalirudia kwa sauti zaidi, na uso wake ulikuwa macho kabisa.

— Anasema nini? akauliza Jamu.

Nurhan naye aliinua uso juu.

— Anauliza ni akina nani wale wanaopita juu wakizungumza.

Jamu akatazama juu. Korongo walikuwa wakipita, mistari juu ya mistari, kijivu, shingo zimenyooshwa, wakielekea mtoni. Walikuwa wamepita hivyo mchana kutwa, na wiki nzima kabla ya hapo. Benchi lilikuwa limeacha kuwasikia, kama mtu anavyoacha kusikia friji lake.

— Mwambie ni korongo, akasema. Wanatoka kusini, wanakwenda kaskazini kutaga. Hapa hupumzika. Wakati huu wanakwenda kulala mtoni, wakiwa wamesimama majini. Maelfu kwa maelfu. Mwambie... Floyd, pikapu yako ina mafuta?

— Inayo.

— Eldon, chukua viti kwa Duane.

— Viti vingapi?

— Hakimu, chukua viti!

Wakashuka hadi shamba la mpwa wa Maili, wakavuka mabua ya mahindi ya mwaka jana, Bi Sabiha amemshika Jamu mkono. Alitembea taratibu, lakini hakusita. Wakaketi nyuma ya ua wa miti midogo, ukingoni, blanketi moja kwa wanawake watatu. Jua lilikuwa limegusa mto. Korongo wakaanza kushuka, miguu inaning'inia, kundi likitua jingine linakuja, na sauti zao zikajaa bonde lote: vilio vya kukoroma kooni, kama malango mengi ya mbao yanayofunguliwa kwa wakati mmoja.

— Mama, akasema Nurhan, sasa wanatokea upande wa kulia, wako wengi, ni wa kijivu, na pale mbele kuna...

Bi Sabiha akampapasa goti na kumwambia jambo.

Nurhan akawageukia wenzake, machozi yanamtoka waziwazi.

— Anasema ninyamaze. Anasema hapa yeye ndiye atakayenieleza mimi.

Na akaeleza, kwa sauti ya chini, kidole kikionyesha gizani mwake, bintiye akitafsiri neno kwa neno. Wale wa kushoto wamefika zamani, sauti zao zina maji chini yake. Wale wa juu bado wanabishana pa kutua. Wawili pale wamekasirikiana, lakini si sana. Maili akavua kofia. Hakimu alifumba macho, na Jamu akafumba yake.

— Anasema kuna mmoja mdogo, akanong'ona Nurhan. Sauti nyembamba, kama filimbi. Amepotezana na mama yake.

Jamu akasikiliza. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Halafu, chini ya makelele yale, akaipata: filimbi moja, inapita huku, inarudi kule, inauliza. Miaka yote aliyoishi ukingoni mwa mto ule hakuwahi kujua kama ipo.

Bi Sabiha aliinua kiganja, wote watulie.

— Bado, akatafsiri Nurhan. Bado... bado...

Baridi ilipanda kutoka majini.

— Kampata.